Hodi ya Nne

Tulieni, wasomaji. Kavindu yuko palepale tulipomwacha Jumapili iliyopita: jukwaani, ukumbi wa mtaa wa Bahati, kipaza sauti mkononi, kinywa wazi. Munyao amevua kofia ya Karani. Ameacha kumwita Bi Maringo kama wimbo unavyotaka, amemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake, na mbele ya ukumbi mzima amemwuliza, "Kavindu, nikuoe?"

Nanyi mnaolifungua gazeti hili kwa mara ya kwanza leo, msihangaike, hamjapitwa na mengi. Kavindu ni mjane anayeuza mapazia ya mitumba Gikomba. Munyao, mjane kama yeye, ni seremala wa vitanda, na banda lake linatazamana na kibanda cha Kavindu hapo hapo sokoni. Siku za kazi hupungiana mkono, basi. Jumapili alasiri huimba pamoja katika bendi ya Mwendo Pole, na kuna wimbo wao mmoja ambao watu hutoka mbali kuja kuusikiliza.

Ni wimbo wa zamani, wa enzi za wazee kuvaa suruali pana. Mwanamume, Karani, anakuja kubisha hodi. Mwanamke, Bi Maringo, anamkatalia. Mwanamume haruhusiwi kuchoka, mwanamke haruhusiwi kukubali upesi. Akikubali upesi wimbo unaisha, na watu wamelipa kiingilio.

Hodi ni tatu. Hodi ya kwanza na ya pili, Bi Maringo hutoa kisingizio na Karani hukijibu, na yote hayo hubuniwa palepale, kila Jumapili upya. Hapo ndipo ufundi ulipo. Bi Maringo akimpenda Karani wake humrushia kisingizio anachoweza kukijibu. Akiwa amemkasirikia humrushia kigumu, na mwanamume wa watu hubaki akimeza mate mbele ya umati. Waimbaji wa nyuma, ambao ndio majirani wa wimbo, huchochea moto:

*Mpe jibu, mpe jibu,*
*Karani anazeeka!*

Lakini hodi ya tatu ina jibu moja tu, lile lile tangu wimbo utungwe:

*Kamwulize mama kwanza,*
*mimi bado mwana wake.*

Basi Karani huinamisha kichwa, hutoka kwa mlango wa kando kama mtu aliyefiwa, huzunguka ukumbi kwa nje, na gitaa linapopamba moto huingia kwa mlango mkubwa akicheza, ameshika zawadi, akiimba kwamba mama amekubali. Ukumbi hulipuka kwa vigelegele. Bi Maringo huteremka kumpokea, na raha ya wimbo ndiyo hiyo.

Sasa, lile swali la Munyao lilikuja saa ngapi? Lilikuja mahali hasa pa hodi ya tatu.

Na Kavindu akajibu nini?

"Kamwulize mama kwanza," aliimba, kwa sauti tamu kuliko siku zote, "mimi bado mwana wake!"

Mniwie radhi kwa niaba yake. Kinywa kilifanya kilichozoea. Moyo wake ulikuwa umeruka hadi kooni kwa furaha, akili ilikuwa imekwenda likizo, na mdomo, ulipoachwa peke yake, ulisema neno lililokuwa karibu. Ukumbi uliangua kicheko. Kavindu naye akacheka, akicheka kama msichana, kwa maana alijua kinachofuata. Karani akiambiwa hivyo huzunguka na kurudi, na akirudi anapokelewa.

Munyao hakucheka. Alitupa jicho mara moja kwenye meza ya mbele, akavaa kofia yake, akatoka kwa mlango wa kando.

"Ona anavyoigiza leo!" mtu alisema. "Karibu alie kweli!"

Ndolo, kiongozi wa bendi, aliuachia mkono wake kwenye gitaa. Vichwa vyote viligeukia mlango mkubwa. Kavindu akawa anacheza taratibu, kiuno kidogo, bega kidogo, macho mlangoni.

Gitaa likapanda, likafika kileleni. Mlango haukufunguka.

Ndolo akazunguka tena, akapanda tena. Hakuna mtu.

"Karani amepotea njia!" alipiga kelele mlevi mmoja, na ukumbi ukacheka upya. Kavindu alicheka pia, ila safari hii kicheko kilimkwama katikati.

Ndolo alipozunguka mara nyingine, vidole vikimwaka, alimsogelea Kavindu na kumnong'oneza, "Mwenzako yuko wapi?"

Kavindu alishuka jukwaani akaenda mwenyewe kuufungua mlango mkubwa. Nje hakukuwa na Munyao. Kulikuwa na kigoda. Kigoda kipya cha miguu mitatu, cha mti wa muhugu, kimepigwa msasa hadi kinateleza, bado kinanukia. Kimewekwa chini, karibu kabisa na kizingiti.

Kwa hiyo alifika. Alizunguka kama kawaida, akafika mlangoni na zawadi yake mkononi, na aliposimama pale nyuma ya mbao akawasikia wote ndani wakicheka, na sauti ya Kavindu juu ya sauti zote.

*

Jumatatu banda la Munyao lilikuwa limefunikwa turubai. Jumanne vilevile. Simu yake ilikuwa imezimwa. Kavindu aliketi kati ya mapazia yake, kigoda kimefichwa chini ya meza, akitazama turubai hilo kana kwamba litatoa tangazo.

"Unamngoja?" aliuliza Batulo.

Batulo ni jirani yake sokoni, muuza leso na manukato kutoka Majengo, mwanamke asiyejua kuzunguka maneno.

"Atarudi," Kavindu alisema. "Karani hurudi."

"Karani ni wa wimbo, abaayo, dada yangu. Huyu wako ni wa Matuu, na watu wa Matuu wakienda wanaenda."

"Nimemkosea nini, lakini? Si alijua nacheza?"

"Yeye alikuwa anacheza?"

Kavindu alikunja pazia, akalikunjua, akalikunja tena upande ule ule.

"Kwanza nikuulize," Batulo aliendelea. "Yule ajuza wa kitambaa cha kijani, meza ya mbele, uliyempa kiti chako mwenyewe kabla ya onyesho. Unamjua?"

"Nilimwona amesimama, nikampa kiti. Kuna kosa?"

"Hakuna kosa. Thawabu tupu. Ni mama yake Munyao."

Pazia lilianguka.

"Wallahi. Leo asubuhi, wewe hujafungua, Munyao amekuja kwangu kumnunulia leso, na maneno yamemtoka. Alikwenda kumchukua nyumbani makusudi, aje asikie jibu lako kwa masikio yake. Sasa fikiria. Mama wa watu ameketi pale, kwenye kiti ulichompa wewe, na wewe unamwambia kijana wake mbele yake, kamwulize mama. Kisha unacheka."

Kavindu alijifunika uso kwa viganja. Aliona haya mpaka masikio yakawaka. Tangu Jumapili alikuwa amejiambia kwamba ni Munyao aliyeuharibu wimbo. Kumbe yeye ndiye aliyemfanyia mama mzima mzaha wa hadharani.

"Ngoja, sijamaliza," Batulo alisema. "Jumatatu anarudi na mama yake Matuu. Kurudi kabisa. Banda amemwachia mwenzake, Mutie. Anasema Nairobi imemtosha."

"Jumatatu hii ijayo?"

"Kuna nyingine?"

Hapo simu ya Kavindu ikalia. Ndolo. Aliidaka akidhani ni nafuu.

"Kavindu, dada yangu," Ndolo alianza, na mtu akianza hivyo jua kuna ubaya. "Jumapili hii tumealikwa Donholm. Munyao atatuimbia, mara ya mwisho. Lakini ametoa sharti."

"Sharti gani?"

"Bi Maringo asiwe wewe. Nimempata Phelister."

"Phelister?" Kavindu alisimama. "Yule msichana anayecheka hata akikanyagwa? Atamkatalia nani? Hajui hata kununa!"

"Atajifunza. Wewe pumzika. Na kusema kweli ni afadhali usije huko, kuna mzee mmoja, mwenyekiti wa wakaazi, kila bendi ikipiga muziki huko lazima aje kulalamikia kelele. Huharibia watu hamu."

Kavindu aliketi tena, polepole. Alimjua mzee huyo. Kila mtu aliyemfahamu marehemu mumewe alimjua. Ni Kyalo, kaka mkubwa wa marehemu, mzee wa kanisa, aliyeshika usukani wa ukoo tangu mazishi. Mtu mwema, mkali, mwenye kumbukumbu. Naye Kyalo alijua kwamba kila Jumapili alasiri shemeji yake yuko mazoezini, anaimba kwaya. Alijua hivyo kwa sababu Kavindu ndiye aliyemwambia, mwanzoni kabisa, na uongo huo ulipozeeka akaona haya kuukana. Katika bendi nzima, Munyao peke yake ndiye aliyeambiwa habari ya kwaya hiyo.

"Umesikia yote?" alimwuliza Batulo alipokata simu.

"Sauti ya Ndolo hata Majengo wameisikia."

"Nifanyeje?"

"Chagua. Shemeji akujue, au Munyao apande gari la Matuu."

"Mwanamke haendi kubisha kwa mwanamume, Batulo. Hata wimbo wenyewe…"

"Wimbo, wimbo!" Batulo alipiga meza, chupa za manukato zikagongana. "Umekaa ndani ya huo wimbo mpaka umesahau kuwa una miguu. Kigoda hicho hapo chini unakificha nini, unadhani sikioni? Kibebe, uende."

*

Jumapili, Donholm. Kavindu aliteremka barabarani Outer Ring na kigoda amekifunga ndani ya pazia, kitambaa kimeshushwa hadi kwenye nyusi, akitembea upesi kama mwizi wa kuku. Alipita nyumba ya Kyalo bila kuitazama. Ukumbi ulikuwa mtaa wa pili, na wimbo ulikuwa umeshaanza.

Hakuingia. Alisimama nje, karibu na tangi la maji, kati ya mlango wa kando na mlango mkubwa, mahali ambapo Karani lazima apite. Hata akiimba na nani, hata akiwa na hasira ya namna gani, Munyao ni fundi, hawezi kuacha kuzunguka.

Ndani Phelister alikuwa anamkatalia Karani. Alimkatalia akicheka, kama Kavindu alivyotabiri. Kisingizio chake cha pili kilikuwa kwamba simu yake imeisha chaji.

"Kazi ipo," Kavindu alinong'ona.

Kamwulize mama kwanza. Gitaa. Mlango wa kando ukafunguka, Munyao akatoka, kofia kichwani, nanasi mkononi.

Alipomwona alisimama.

"Hujambo, Karani," Kavindu alisema.

"Sijambo." Alilihamisha nanasi mkono mwingine. "Hapa si kwa kwaya."

"Nilikujibu vibaya, Munyao."

"Ulijibu vizuri sana. Sauti safi. Watu walifurahi."

"Nilidhani utarudi. Hurudi kila mara!"

"Nilirudi," Munyao alisema, na hapo ule utani wa uchungu ukamwisha usoni. "Nilifika mlangoni na kigoda nilichokitengeneza kwa mikono yangu. Nikakusikia unacheka. Sasa ningeingia niimbe nini? Mama aliniuliza njiani, huyo ndiye uliyenitolea nyumbani? Sikuwa na jibu la kumpa."

"Sikujua ni yeye. Naapa."

"Nimesikia." Alitazama chini. "Niache nipite. Gitaa linapanda. Ni mara ya mwisho, sitaki kumharibia Ndolo."

Ni kweli, gitaa lilikuwa linapanda. Kavindu aliusikia wakati ukimkimbia noti kwa noti. Akafanya jambo ambalo hakuwa amelipanga. Alinyoosha mkono, akamvua Munyao kofia, akaivaa.

"Rudi kwa mlango wa kando," alisema.

"Unasema nini?"

"Rudi ulikotoka, upande jukwaani. Leo mlango mkubwa ni wangu."

Alimwacha amesimama pale na nanasi lake.

*

Gitaa lilifika kileleni, mlango mkubwa ukafunguka, na badala ya Karani akaingia mwanamke wa makamo mwenye kofia ya kiume, kigoda mkononi, pazia la maua likimning'inia begani.

Ndolo aliruka noti nzima. Kavindu alikuwa hajawahi kumsikia akikosea.

Jukwaani, Phelister ndiye aliyeelewa mambo kabla ya mtu yeyote. Vijana wa siku hizi tunawasema bure. "Wololo!" alisema kwenye kipaza sauti. "Enyewe leo kuna story!" Na Munyao alipochungulia kwa mlango wa kando, msichana alimvuta kwa mkono hadi katikati ya jukwaa, akampokonya nanasi na kumpa kipaza sauti. "Shika, mzee. Wewe ndio Bi Maringo sasa. Nuna kiasi."

Kisha akaenda kukaa na majirani wa wimbo, nanasi mapajani, akapata nafasi nzuri ya kutazama.

Kavindu alipewa kipaza sauti na mhudumu aliyekuwa karibu. Alikuwa amekataa maishani mwake Jumapili zisizo na idadi, lakini kuomba hakuwa ameomba hata mara moja. Ndipo alipojua jinsi Munyao alivyokuwa akisimama kila wiki, mtu mzima, mikono mitupu, akingoja kuambiwa hapana.

*Hodi hodi we Maringo,*
*leo Karani ni mimi,*
*sina shati sina tai,*
*kigoda ki mkononi!*

Ukumbi ulipiga yowe. Wanawake walisimama. Munyao alitazama kigoda, akamtazama Kavindu. Majirani wakaanza, Phelister akiwa mbele yao: *Mpe jibu, mpe jibu!*

Akajibu. Uso mkavu, mkono kiunoni kama Bi Maringo hasa:

*Rudi kwako Bi Karani,*
*niko ndani ninapika,*
*sukuma ikiungua*
*nitamlaumu nani?*

Watu wakagongana mabega kwa kicheko. Mwanamume mzima, fundi wa vitanda, anaunguza mboga za sukuma wiki! Kavindu hakujua kama ni mzaha wa kumfukuza au wa kumkaribisha. Alisogea hatua kadhaa kati ya meza.

*Hodi tena we Maringo,*
*jiko nitakuzimia,*
*sukuma tuile mbichi,*
*bora tu tuile sote!*

Alikuwa amefika katikati ya ukumbi. Sasa kilikuja kisingizio cha pili, na Kavindu alikingoja kama mtu anayengoja majibu ya daktari. Munyao akitaka kumwaibisha, ingekuwa hapa. Ana haki. Anaweza kumrushia neno ambalo hakuna mtu duniani angelijibu, na kesho akapanda gari na mama yake akiwa ameridhika.

Munyao alikuna kichwa. Akainua kipaza sauti.

*Majirani wanaona,*
*dirisha lina uwazi,*
*nitakukaribishaje*
*na pazia sina mimi?*

Ukumbi ulicheka, lakini haukujua unacheka nini. Ndolo alijua. Phelister alijua. Kavindu alijua kuliko wote, na machozi yakamjaa machoni hapo hapo. Kwa muuza mapazia, kisingizio cha pazia si kisingizio. Ni mlango umeachwa wazi na taa imewashwa.

Alilitoa lile pazia la maua begani, akalipeperusha juu ya kichwa chake ukumbi mzima ukiona. Hakuhitaji kuimba. Vigelegele vilimjibia.

Ikabaki hodi ya tatu. Hii hakuiimba. Akaisema tu, kama mtu aliyesimama mlangoni pa watu.

"Hodi, Munyao."

Gitaa lilishuka hadi likawa kama pumzi. Munyao alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile.

"Kamwulize mama kwanza," alisema, naye hakuimba. Akanyoosha mkono kwenye meza ya mbele.

Na mama alikuwepo! Bibi Kaluki, kitambaa kile kile cha kijani, leso mpya ya Batulo mabegani, amekumbatia mkoba wake kama mtu anayengoja gari. Macho yake yalikuwa juu ya Kavindu, na hayakuwa yanacheka.

Kavindu alikwenda. Aliivua kofia, akamwamkia kwa Kikamba kwa adabu zote, akapiga goti, akakiweka kigoda miguuni pake.

Bibi Kaluki alimwashiria mhudumu amsogezee kipaza sauti. Hakujua kwamba hakikuhitaji kupigiwa kelele.

"NINA SWALI!" alinguruma, na ukumbi mzima ukaziba masikio. Akapunguza. "Nina swali moja. Siku ile mwanangu alipokuuliza, ulicheka. Ulikuwa unacheka nini?"

Kavindu alitafuta mstari, kwa mazoea. Haukuwepo. Huo wimbo, pamoja na uzee wake wote, haukuwa na neno la hapo.

"Furaha, mwaitu," alisema, akimwita mama kwa Kikamba. "Nilikuwa nimeulizwa jambo nililolingoja muda mrefu mpaka nikaacha kulingoja. Nikashindwa kujibu kwa mdomo wangu, nikajibu kwa wa Bi Maringo. Yeye kazi yake ni kukataa. Mimi nilikuwa nimeshakubali kabla hajamaliza kuuliza. Sikujua umeketi pale. Ningejua ni wewe, ningekuja hapa hapa siku ile ile. Nisamehe."

Ajuza alimtazama sana. Kisha akatazama chini.

"Na hiki?"

"Alinitengenezea mimi. Nimekuletea wewe."

Bibi Kaluki aliinuka kwenye kiti cha plastiki, akakijaribu kigoda kwa mkono, akaketi juu yake polepole. Akayumba kushoto. Akayumba kulia.

"Kinacheza," alitangaza. "Munyao! Vitanda vya watu navyo unavitengeneza hivi?"

Hata Ndolo aliacha gitaa akashika mbavu. Munyao aliteremka jukwaani mbio, akapiga goti kando ya Kavindu ili akitazame kigoda chake, na mama yake akaushika mkono wa mmoja akautia katika mkono wa mwingine bila kuwaomba ruhusa.

"Mchukue," alimwambia Kavindu. "Lakini kigoda nabaki nacho. Na Matuu kesho nitarudi peke yangu, huyu mmeze na sukuma yake."

Oh, wasomaji, laiti mngekuwepo! Phelister alilipasua nanasi hapo hapo jukwaani. Wanawake walimmwagia Kavindu vigelegele, majirani wa wimbo wakaimba kwamba mama amekubali, na kati ya kelele hizo zote Munyao alimwinamia sikioni na kumwambia, "Pazia ulilileta kwa bahati, au ulijua?"

"Nilifungia kigoda," Kavindu alisema. "Wewe ndiwe uliyelipatia kazi."

Alikuwa bado anacheka aliposikia sauti nyuma yake.

"Hodi!"

Sauti nzito, ya mtu aliyezoea kusoma matangazo kanisani. Watu walishangilia wakidhani wimbo umeongezwa utamu. *Mpe jibu, mpe jibu!* majirani wakaitikia.

Kavindu peke yake hakuitikia. Wimbo una hodi tatu, naye ameuimba muda wa kutosha kujua kuhesabu hadi tatu.

Mlangoni alikuwa amesimama Kyalo, suti ya kijivu, Biblia kwapani, uso wa mtu aliyekuja kulalamikia kelele. Alitazama kofia ya kiume sakafuni. Akatazama ajuza juu ya kigoda kinachocheza. Akatazama mkono wa shemeji yake ulivyokuwa ndani ya mkono wa mwanamume asiyemjua. Vicheko vilianza kuzimika, meza moja baada ya nyingine.

"Shemeji," Kyalo alisema, "hii ndiyo ile kwaya?"

Munyao alianza kuuachia mkono wa Kavindu, kwa heshima. Kavindu aliukamata tena, akaubana.

Bibi Kaluki aligeuka juu ya kigoda chake. "Na huyu naye ni nani?"

"Ni shemeji yangu, mwaitu," Kavindu alisema. Kipaza sauti kilikuwa bado kimewashwa, na jibu lake likafika kila pembe ya ukumbi. "Kaka yake marehemu. Kwetu sisi, yeye ndiye niliyepaswa kumwuliza kwanza."

Kyalo aliingia ndani. Akaufunga mlango mkubwa nyuma yake, akavuta kiti cha karibu, akaketi, akaiweka Biblia juu ya goti.

"Basi uliza," alisema.